Kitambaa Chekundu, Vifundo Vitatu

Ukiingia Hai Jalaba, mtaa wa Juba, usiulize njia ya kwenda kwa Teresa Kiden. Fuata harufu. Ile ya karanga zinazokaangwa kwenye mchanga wa moto, ikikukamata puani hata kama umeshiba, ndiyo hiyo. Ifuate mpaka kwenye rakuba, kibanda cha miti na nyasi kisicho na kuta, na chini yake utamkuta mwanamke mrefu, mkavu, asiyepiga magoti kanisani kwa sababu ya goti lake bovu na asiyepiga magoti kwingine kokote kwa sababu ya tabia yake.

Kiden alirudi Juba kutoka Bweyale, huko Uganda, alikokaa ukimbizini miaka mingi, akilima karanga kwenye shamba la kukodi. Alirudi na karai moja la chuma, ungo mmoja na maneno mengi. Anachotengeneza ni kitu kimoja tu: dakwa, ile siagi ya karanga ambayo Juba nzima inaitia kwenye mboga, kwenye mkate, na kwenye kinywa cha mtoto anayekataa kula. Wengine wanauza dakwa na mkaa, dakwa na sabuni, dakwa na kadi za simu. Yeye dakwa tu. Ukimuuliza kwa nini haongezi biashara nyingine, atakuuliza kama wewe una mama wawili.

Kusoma hajui sana. Jina lake analiandika, herufi moja ikiwa imegeukia nyuma, na tarakimu anazijua mpaka zinapoanza kuwa ndefu. Lakini kazi yake anaijua kama mtu anavyojua nyumba yake gizani. Karanga huchaguliwa moja moja: iliyokunjamana inatoka, iliyotoboka inatoka, yenye ukungu wa kijani inatoka na kutupwa shimoni, hata kuku hapewi. Kisha zinakaangwa, zinamwagwa mkekani zipoe kabisa, zinafikichwa, zinapepetwa, zinachaguliwa tena, ndipo zinaingia kwenye tahuna, mashine yake ndogo ya kusagia inayopiga kelele kama imetukanwa. Kijiko cha kwanza kikitoka mashineni, Kiden anakila amesimama. Akiitikia kwa kichwa, msago ule unaendelea. Miaka yote hiyo ulimi wake haukuwahi kumdanganya, na hilo hakulificha; alilitangaza.

Tena kuna ubao. Ukutani mwa nyumba, nyuma ya rakuba, umepigiliwa ubao mrefu wenye makopo yaliyopangwa kama watu waliosubiri picha. Kila msago ukiisha, kopo la mwisho haliuzwi. Linapanda kwenye ubao na kukaa miezi mitatu. Linafungwa shingoni kitambaa kilichochanwa kutoka leso kuukuu: chekundu kama karanga zimetoka Magwi, cheupe kama ni za Yei, cha buluu kama zimevuka mpaka kutoka Uganda. Na kwenye kitambaa kuna vifundo: kimoja kwa msago wa kwanza wa mwezi, viwili kwa wa pili, hivyo hivyo. Makopo yote ya msago ule yanatoka nyumbani na kitambaa kile kile na vifundo vile vile. Wateja walidhani ni urembo. Kiden aliyaita yale ya ubaoni mashahidi.

Sasa, dakwa hii ilikuwa na mahali pake pa heshima. Falhado, Msomali aliyekuja kutoka Garissa na kufungua duka kubwa hatua chache kutoka hapo, alikuwa amempa Kiden rafu iliyo karibu na mlango, ile ambayo macho ya mteja hukutana nayo kabla hajaona kitu kingine. Kutoka kwenye rafu hiyo dakwa yake ilikwenda kila mahali, mpaka soko la Jebel chini ya mlima na mpaka kwa madereva wa Sherikat kule darajani. Bila rafu ile, Kiden ni bibi mwingine mwenye beseni kichwani.

Mwaka huu wakaja watu wa shirika, wakasema biashara ndogo ndogo za chakula zitakaguliwa ubora wake, na atakayefaulu atapewa stempu ya kubandika kwenye bidhaa. Falhado akasikia, akaona ni jambo jema. Akawaambia wote wanaomletea vyakula vya kutengenezwa nyumbani kwamba kuanzia Ijumaa ya mwisho wa mwezi, asiye na stempu hana rafu. Hakumtenga mtu. Kiden hakumlaumu, alisema duka ni la mwenye duka.

Mkaguzi alikuwa Kizza, kijana wa Kampala mwenye viatu vilivyong'aa hata katika matope ya Juba. Ziara yake ya kwanza alipita kila mahali, akagusa, akanusa, akaandika. Akapendezwa na ungo, akapendezwa na shimo la karanga mbovu. Kisha akataka kuona rekodi.

Kiden akamwonyesha ubao.

"Mama, hii vitambaa ni mapambo," Kizza akasema kwa upole. "Mimi naulizia kitabu. Kitabu iko wapi?"

Kiden akamwambia kitabu chake ni hicho kilichopo ukutani, na tena hakilowi mvua. Kizza akacheka kidogo, si kwa ubaya, akachora mkasi, ile alama ya kosa, kwenye kisanduku cha tatu kutoka juu katika karatasi yake. Mkasi ule Kiden aliuona. Mtu asiyejua kusoma anajua mkasi ni nini. Na kisanduku alikikumbuka. Ukaguzi wa mwisho ukapangwa Alhamisi, kesho yake ndiyo ile Ijumaa ya Falhado.

Jumanne ya wiki hiyo, asubuhi, akafika Lokosang, dereva wa lori wa Sherikat, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Alikuwa na kopo mkononi, limeliwa robo. Akasalimia vizuri, akauliza habari za goti, akauliza habari za mvua, mpaka Kiden akamwambia aseme kilichomleta kabla karanga hazijaungua.

Lokosang akasema, "Abuba, usikasirike. Hii ina uchungu."

Abuba ni bibi, na hakuna aliyewahi kumwambia bibi huyu neno hilo la pili, uchungu. Akuac, mjane anayefanya kazi naye, aliyekuwa akipepeta pembeni, akasimamisha ungo hewani. Akasema labda Lokosang alikula kitu kingine, labda ana malaria, malaria inachachusha kinywa. Kiden hakusikiliza. Aliangalia shingo ya kopo. Kitambaa chekundu. Vifundo vitatu.

Akaenda ubaoni, akamshusha shahidi wa mwezi ule mwenye kitambaa chekundu na vifundo vitatu, akafungua, akachota kwa kidole, akaweka ulimini.

Uchungu ulikuja polepole, kutoka nyuma ya koo, kama habari mbaya inayobisha hodi kwa adabu.

Akasimama pale na kidole chake. Akuac anasema alidhani mama wa watu amepata kiharusi. Kumbe alikuwa akihesabu siku kurudi nyuma, na siku zikampeleka moja kwa moja kwenye msiba.

Ilikuwa hivi. Wiki mbili nyuma, walipokuwa wamekaanga karanga za Magwi, ziko moto mkekani, kilio kikapigwa nyumba ya pili. Mzee wa jirani amekata roho. Na mbingu nayo ilikuwa imenuna, tone la kwanza limeshaanguka. Mtu akisikia kilio haulizi karanga zimepoa. Walizisomba zikiwa moto, wakazitia kwenye magunia ya nailoni, wakafunga midomo, wakakimbia kwenda kulia na wenzao. Siku tatu tahuna haikunguruma, maana huwezi kungurumisha mashine kwenye masikio ya wafiwa. Hata anayemchukia marehemu hafanyi hivyo. Siku ya nne wakafungua, karanga zikanukia vizuri, wakasaga. Kiden akala kijiko cha kwanza amesimama, akaitikia kwa kichwa.

Lakini karanga zilizofungwa moto hutoka jasho, na gunia moja lilikuwa chini ya ufa wa paa. Hilo ndilo lililosagwa mwisho. Ulimi ulionja mwanzo, ubaya ulikuwa unasubiri nyuma. Na shahidi hujazwa na kinachotoka mwisho.

"Hatukuchagua mara ya pili," Kiden akasema. "Tulikuwa na haraka ya kufidia siku za msiba. Mimi ndiye niliyesema tusage."

Msago ule ulitoa makopo arobaini na moja, ukiacha la ubaoni. Karibu yote yalikwenda kwa Falhado.

Akuac akaona sura ya mwenzake, akajua kinachokuja, akaanza kupambana nacho kabla hakijafika. Akasema watu wangapi wamelalamika? Mmoja. Akasema anawajua akina mama wanaochanganya sukari na ufuta, uchungu unapotea. Akasema leo Jumanne, keshokutwa Kizza, Ijumaa rafu.

"Wewe una kiburi," akamwambia mwishowe, macho yamejaa. "Mimi nina watoto wanne. Kiburi chako hakiliwi nyumbani kwangu."

Kiden akamjibu bila kupandisha sauti. "Watoto wako wanne wanakula dakwa hii hii. Nenda kaangalie kopo la nyumbani kwako lina kitambaa gani."

Akuac akaenda. Akarudi na kopo, nusu, chekundu, vifundo vitatu. Akaliweka chini mbele ya Kiden, akajifunga leso kiunoni, na neno la sukari halikutajwa tena mahali pale.

Wakaenda kwa Falhado. Rafuni yalibaki makopo kumi na moja ya kitambaa kile. Mengine yalikuwa yameshauzwa. Falhado aliyashusha mwenyewe, akayaficha nyuma ya magunia ya mchele, akamvuta Kiden pembeni. Ni mwanamke mwenye akili ya biashara na moyo pia, ila moyo hukaa nyuma ya kaunta.

"Mama Teresa, haya nimetoa. Sasa nyamaza," akasema. "Acha Alhamisi ipite, upate stempu yako. Ukitangaza leo, Kizza atasikia, na mimi nikisema stempu, ni stempu. Siwezi kukuachia wewe halafu Nyamuoch na dakwa yake aje kulia mlangoni kwangu."

Kiden akasema, "Alhamisi ikipita, walio nayo watakuwa wamemaliza kuila."

Falhado akamwambia watu hawafi kwa uchungu mdomoni. Kiden akasema kule Bweyale walifundishwa kwamba ukungu wa karanga una sumu isiyoua leo, inayoingia kwenye ini na kukaa kama mpangaji asiyelipa kodi. Akasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kisha akaondoka, maana Falhado alikuwa ameshamwambia alichotakiwa kumwambia na yeye alikuwa ameshajibu.

Kumi na moja ya Falhado, moja la Lokosang, moja la Akuac. Kumi na tatu. Ishirini na nane yalikuwa mjini, kwenye meza za watu.

Utayatafutaje makopo ishirini na nane katika Juba? Kiden alikwenda soko la Jebel, kwa Makuach, kijana anayeuza sumu ya panya kwa kipaza sauti, ambaye sauti yake soko zima linaijua mpaka panya wenyewe. Makuach akakubali kusaidia, akainua kipaza sauti kinywani. Kiden akakichukua mkononi mwake. Akamwambia wakikusikia wewe, watadhani dakwa yangu ndiyo unayowauzia panya. Hii ni aibu yangu, nitaitangaza mwenyewe.

Akapanda juu ya kreti ya soda, goti likilalamika, akasema hivi, na sauti ikaenda mpaka chini ya mlima:

"Mimi ni Teresa Kiden wa Hai Jalaba. Dakwa yangu yenye kitambaa chekundu na vifundo vitatu imeharibika. Nimeiharibu mimi. Usile, usimpe mtoto, usimpe jirani unayemchukia. Irudishe, hata kama ni kopo tupu, nitakupa nyingine. Kitambaa cheupe ni nzima. Cha buluu ni nzima. Chekundu cha kifundo kimoja na viwili ni nzima. Ni vifundo vitatu tu."

Akarudia kwa Kiarabu cha Juba. Akarudia kwa Kibari. Watu wakacheka, wakasogea, wakanyamaza. Hakuna aliyewahi kuona mfanyabiashara anajishtaki sokoni bila kukamatwa na askari.

Nyamuoch alikuwa pale, nyuma ya meza yake. Huyu naye anauza dakwa, ile ambayo ukiiacha juani inakauka kama chokaa, na kila mtu anajua muhogo umepita humo. Akapiga makofi taratibu.

"Ulimi wa dhahabu," akasema. "Leo umeota kutu?"

"Umeota," Kiden akamjibu kwenye kipaza sauti kile kile. "Nimeuleta sokoni watu wauone. Wako unauleta lini?"

Soko likaangua kicheko, na Nyamuoch akainamia meza yake akapanga makopo yaliyokuwa yameshapangika.

Jumanne hiyo na Jumatano yote walizunguka. Lokosang aliwapeleka Sherikat kwa lori, akapita kwa madereva wenzake mmoja mmoja akiuliza vitambaa, wakamtania kwamba siku hizi amekuwa fundi wa leso. Akuac alipita kanisani, alipita bombani. Watu walikuja wenyewe pia. Mwanamke mmoja alileta kopo lililolambwa mpaka likang'aa, na Kiden akakaa naye kitako kuuliza matumbo ya watoto mmoja mmoja kwa majina, akamwambia wakiumwa wasikae nyumbani, waende hospitali na waseme walikula nini na cha nani. Mzee mmoja alileta kopo la Nyamuoch alilolifunga uzi mwekundu mwenyewe, ili apate la bure. Kiden akalinusa, akamwambia baba, hili halijaharibika, hili lilizaliwa hivyo. Akampa lake zima, mzee akaenda zake.

Alhamisi Kizza alipofika, hakukuta rakuba iliyofagiwa wala wanawake waliovaa kofia nyeupe kama alivyoelekeza. Alikuta shimo jipya. Akuac alikuwa akikwangua makopo, dakwa inaingia shimoni, majivu yanafuata juu yake. Kiden alikuwa ameketi kwenye kigoda na vitambaa vyekundu pajani, akivihesabu kwa kuvipitisha kutoka goti bovu kwenda goti zima.

Akamweleza yote, kutoka kilio mpaka kipaza sauti. Hakupunguza. Kizza aliuliza alijuaje msago mbaya ni upi, na alijuaje ulitoka makopo mangapi, na mengine mazima ni yapi. Kila swali Kiden alijibu kwa kunyoosha kidole ubaoni. Kizza akausogelea ubao ule. Akashusha kopo moja, akasoma vifundo kwa kidole kama kipofu, akamuuliza hizi ni za Yei, msago wa pili? Kiden akasema umeanza kusoma.

"Yamerudi mangapi?"

"Thelathini na nane. Matatu bado."

Kizza akakaa kwenye gunia. Akasema kwamba katika biashara zote alizokagua mjini, hakuna hata moja iliyowahi kurudisha bidhaa yake mbovu kutoka kwa wateja. Wengi hawajui hata walimuuzia nani. Alisema hilo kwa heshima. Kisha akafungua karatasi zake na uso ukasawijika, maana kanuni ilisema wazi: bidhaa mbovu ikitoka ndani ya siku thelathini kabla ya ukaguzi, hakuna stempu mpaka miezi mitatu ipite.

"Mama, mimi naweza kuandika hii jambo ilitokea mwezi uliopita," akasema, akitazama kalamu. "Hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua. Na Jebel yote inajua, nimewaambia siku yenyewe," Kiden akasema. "Andika nimeanguka. Na andika nani kaniangusha, ni mimi mwenyewe na gunia langu. Lakini kile kisanduku cha tatu kutoka juu, ulichochora mkasi ukaniambia sina rekodi, hicho ukifute. Hapo ulinisingizia."

Kizza hakubisha. Akatafuta kisanduku, akaufuta mkasi, akaweka alama ya ndiyo, akamgeuzia karatasi aione. Kiden akaikagua kama anavyokagua karanga. Akaandika jina lake chini, herufi moja imegeukia nyuma, akadai nakala.

Ijumaa Falhado alitimiza neno lake. Rafu ya mlangoni ikapewa asali ya mtu wa Yei, mwenye stempu. Falhado alikuja mwenyewe kumwambia, hakutuma mtu, na hakuomba msamaha, na Kiden hakuutaka. Alisema duka ni la mwenye duka.

Saa hiyo hiyo akabeba mkeka, beseni na makopo ya kitambaa cheupe, akaenda kukaa barazani mkabala na mlango wa Falhado, ng'ambo ya barabara, pale ambapo anayetoka dukani hana pengine pa kutupa macho. Hapo ni barabara ya watu wote, haina rafu. Kwenye nguzo akaipachika ile karatasi ya kuanguka, ndani ya nailoni isilowe. Watu wakisimama kuisoma, wanaojua wanawasomea wasiojua: kwamba Teresa Kiden hakupita, kwamba kosa lilikuwa hili, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema. Wengine walikwenda zao. Wengine walinunua. Akuac, aliyeogopa kwa ajili ya watoto wake, ndiye aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote.

Siku hizi Kiden haonji tena mara moja tu. Anaonja mwanzo, anaonja katikati, anaonja mwisho, na baada yake Akuac anaonja, na wakitofautiana wanagombana mpaka mmoja ashinde kwa hoja. Karanga hazifungwi moto hata mbingu ianguke. Msiba ukitokea, mmoja anakwenda kulia na mwingine anabaki akilia pale pale mkekani, akizigeuza.

Makopo mawili kati ya yale matatu yalirudi baadaye. Moja lilikuwa limefika mpaka Nimule na kurudi kwenye lori la rafiki wa Lokosang, halijafunguliwa. La tatu halijaonekana mpaka leo, na kila anayenunua bado anaulizwa.

Falhado huvuka barabara mara kwa mara, jua likianza kupungua, kununua kopo moja la nyumbani kwake. Hukagua kitambaa kwanza. Jana alisema miezi mitatu inakaribia kwisha, Kizza atarudi, rafu itakuwa wazi.

Kiden akamwambia ataifikiria.

Na yule shahidi wa vifundo vitatu, ambaye miezi yake inakwisha na angetakiwa kushuka atupwe, Kiden amemhamisha. Hayuko tena mwishoni mwa ubao. Amemweka katikati, usawa wa macho, na mgeni yeyote akiuliza hili nalo zuri, anaambiwa hapana, hili ni bovu, lionje nyuma ya koo ujue bovu likoje, kisha teme, ndipo tukuuzie.